Nusu Mstari

Kule juu ya Gare, pale gari linaposhindwa na mtu anamalizia kwa miguu, kuna nyumba ya matofali ya kuchoma, na mbele yake, katikati ya matuta ya kabichi, kuna nguzo nyembamba ya mti imesimikwa. Juu ya nguzo kumefungwa bomba la plastiki lenye mistari. Wageni wakiuliza hicho ni nini, mwenye nyumba, Danieli Shekiondo, hujibu kwa mkato: "Cha mtoto." Wakimtazama wanaona mzee wa miaka sitini na mitatu, nyumba kimya, hakuna mtoto wala dalili ya mtoto. Basi wanashuka mlima wakinong'onezana kwamba upweke umemgusa kichwa. Waache wanong'one. Hawajui, na Danieli si mtu wa kuwaeleza watu mambo yake.

Mtoto mwenyewe anaitwa Janeth. Ni huyo huyo mmoja, Mungu hakuwapa mwingine. Alianzia shule ya hapo misheni, akaenda sekondari, akaenda Dar es Salaam kusomea fizikia, akaenda Ulaya, na kila hatua ilikuwa inamsogeza mbali zaidi na nyumbani. Mwishowe akarudi likizo akawaambia wazazi wake kwamba sasa anakwenda kule mwisho kabisa, Kusini, kwenye bara la barafu, ambako hakuna kijiji, hakuna mti, hata inzi hakuna. Angekaa mwaka mzima kwenye kituo cha utafiti. Na kuanzia mwezi wa pili mpaka wa kumi na moja ndege haitui huko kwa ajili ya baridi. Aliyemo yumo.

"Hata kukiwa na msiba?" aliuliza mama yake, Yunis.

"Hata kukiwa na msiba, mama."

Yunis alipiga kofi moja akacheka. "Basi hakuna kufa mtu hapa mpaka mwezi wa kumi na moja. Mmesikia? Wewe Danieli, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Danieli.

Siku hiyo walikuwa jikoni wote watatu, wamezunguka moto, na Yunis hakumwacha mwanawe mpaka amweleze hiyo kazi inayomtoa nyumbani ni kazi gani. Janeth alieleza huku akimenya viazi. Alisema atakuwa anarusha puto kubwa lenye vipimo, linapanda mpaka mara mbili ya kule zinakopita ndege za abiria, na linatuma namba chini. Huko juu hewa ni kavu ajabu. Ukiigawa vipande milioni, labda vitano tu ndio mvuke wa maji. Majira ya baridi yakiingia, jua linazama miezi sita, na baridi inazidi kuwa kali mpaka hata huo mvuke kiduchu unaganda. Unaganda pamoja na tindikali yenye nitrojeni. Zinakuwa chembe, chembe zinanenepa, zikiwa nzito zinaanguka. Hewa ya juu inabaki fukara, haina maji, haina nitrojeni.

"Na ubaya wake ni nini?" aliuliza Yunis.

"Ubaya unakuja jua likirudi, mama. Kuna gesi ya klorini imepanda huko kutoka kwenye majokofu ya zamani na makopo ya kupulizia. Hiyo nitrojeni ndiyo ingeishika isifanye fujo. Ikiwa haipo, klorini inaitafuna ozoni, ile inayotukinga na jua kali."

Danieli, ambaye alikuwa amekaa kimya muda wote kama hayupo, akatoa kauli: "Kwa hiyo huko juu panatakiwa papigwe urea."

Yunis alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Janeth naye akacheka, akasema nitrojeni yenyewe ipo tele huko juu kama ilivyo tele hapa Gare, inayopotea ni ile iliyokwisha kuungana, inayofanya kazi. "Kama urea," alisema tena Danieli, na Janeth akakubali: kama urea. Danieli si mcheshi, watu wote wanajua. Kwa mwaka mzima huo ndio uliokuwa mzaha wake pekee, na mkewe aliutembeza kila nyumba.

Halafu Yunis akataka na yeye apewe cha kupima. Hakuwa anatania. Alisema haiwezekani mtoto awe anapima anga kule na yeye akae hapa anatazama tu kabichi. Ndipo Janeth alipomletea lile bomba la plastiki kutoka mjini Lushoto, akalifunga juu ya nguzo, akamwonyesha mistari. Mstari mmoja ni milimita moja ya mvua. Soma saa ile ile kila siku, mama, andika, mwaga, rudishia. Hayo tu.

Yunis alisoma mpaka darasa la saba, lakini ungemwona na lile daftari ungesema ni profesa. Kila alfajiri kengele ya misheni ilipoanza kulia, saa kumi na mbili kamili, alikuwa tayari yuko pale kwenye nguzo, mabuti miguuni, kanga juu ya sweta. Mvua kubwa hazikumpa shida. Alichokipenda ni manyunyu, yale ya kwetu ya ukungu, ambayo mtu hayahesabu kuwa ni mvua, yanalowesha nyusi tu. Hayo yaliacha nusu mstari. Danieli alimwambia mara moja, nusu mstari si kitu, andika hakuna. Weee! Alikoma.

"Nusu ni nusu," Yunis alimwambia. "Ungekuwa nusu mkate ungesema hakuna?"

Jumapili baada ya misa ndiyo ilikuwa siku ya kutuma. Simu kubwa ilikuwa ya Danieli. Yunis hakutaka kusema ndani yake. Kuongea kawaida haikuwezekana, maana setilaiti ilipita kwa saa chache na sauti ilikatikakatika, kwa hiyo waliandikiana, na Janeth alituma sauti zilizorekodiwa. Yunis alizisikiliza mara tano tano, lakini yeye kurekodi alikataa. "Siwezi kuongea na kitu kisichoniitikia," alisema. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na moto, akasoma namba za wiki kutoka kwenye daftari, na Danieli akaandika kwa kidole kimoja. Mwisho aliongeza mwenyewe: Mama anakusalimia.

Ikaenda hivyo mpaka tarehe kumi na sita mwezi wa sita. Asubuhi hiyo Yunis alisoma kipimo, akaandika nusu, akakamua ng'ombe, akachukua mundu kwenda kukata majani. Saa sita hajarudi. Danieli alimkuta tuta la tatu, amekaa ameegemea kingo, mdomo umekwenda upande. Walimbeba kwenye machela mpaka barabarani, wakapata gari, wakafika hospitali. Presha. Kabla jua halijazama Yunis alikuwa hayupo tena. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na neno la mwisho alilomwambia mumewe lilikuwa kwamba ndoo ya maziwa inavuja.

Watu walijaa. Kaka yake marehemu, Emanueli, alipanda kutoka Magoma, na baada ya mazishi ndiye aliyekalisha wanaume kwenye mabenchi nyuma ya nyumba kujadili habari ya Janeth.

Huku milimani, mtu aliye mbali na peke yake haambiwi kifo kwa simu. Ni ukatili. Anaambiwa mama hajisikii vizuri, njoo. Anakuja. Akishuka stendi ya Lushoto anawakuta ndugu wawili wanamsubiri, wanamchukua mzigo wake, hawasemi mengi, na yeye kwa kuwaona tu anaanza kuelewa, lakini neno lenyewe halitamkwi mpaka afike nyumbani na ashikwe mikono. Kila mmoja pale mabenchini alikuwa ameshaambiwa hivyo siku yake, na kila mmoja alikuwa ameshamshika mwenzake.

"Sasa huyu tukimwambia njoo, atakuja na nini?" alisema Emanueli. "Na tukimwambia lenyewe, nani amshike huko? Akianguka nani amwinue, hao Wazungu asiowajua, au wale ndege wa kwenye barafu?"

Hakuna aliyecheka.

"Asiambiwe," alisema. "Mwezi wa kumi na moja mimi na shemeji tutashuka Dar es Salaam wenyewe, tumpokee uwanjani. Mpaka hapo, mama yake mzima. Shemeji, unasemaje?"

Danieli alisema ndiyo. Hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa mtoto wake asilie peke yake. Kwake yeye kila kitu kilikuwa kimekwisha haribika, limebaki hilo moja tu la kulinda, na akaapa moyoni atalilinda.

Jumapili ya kwanza alikaa na simu mpaka chai ikapoa. Akaandika namba. Akaandika: Mama anakusalimia. Akakosea herufi, akafuta, akaandika tena. Alipobonyeza kutuma alihisi kama ameiba kanisani.

Jumapili ya pili Janeth aliomba mama aseme neno moja tu, hata akohoe. Danieli akajibu mama ana mafua, sauti imekauka. Ya tatu akasema mama amekwenda Magoma kwa mjomba. Ya nne akasema mama amekuwa mbishi, unamjua. Uongo ukazaa uongo, na mzee ambaye hajawahi kudanganya hata bei ya karoti akawa hodari. Kitu kimoja tu hakukidanganya, nacho ni namba. Alisema moyoni, mambo mengine yote namwongopea, hili la kipimo nitamwambia kweli tupu. Kila siku alisoma mwenyewe na kuandika kile alichokiona.

Ila sasa kazi zote zilikuwa zake. Aliamka, akawasha moto uliokuwa unamkatalia, akamkamua ng'ombe ambaye naye alikuwa hamtaki, akabeba maziwa kuyateremsha kwenye kituo cha kukusanyia, akapanda tena mlima polepole. Saa nne ndipo alipofika kwenye nguzo, jua limeshatoboa ukungu. Anachungulia bomba: kavu. Anaandika hakuna. Kesho yake hakuna. Keshokutwa hakuna. Siku ya mvua ya maana aliandika mistari minne, sita, basi. Akajisemea kipupwe cha mwaka huu kikavu kweli, na asilitie shaka hata kidogo, mzee wa watu.

Nyumba ilikuwa kubwa mno. Alipika ugali wa watu wawili kwa mazoea akaumwaga kwa kuku. Aliita "Yunis" akitaka kuulizia koleo, akasikia sauti yake mwenyewe inarudi kutoka ukutani. Katika jumuiya walimtaja marehemu, wakamwombea, na yeye akaitikia, lakini kilio hakikumtoka. Angelia vipi, na Jumapili ana kazi ya kumfanya awe mzima? Wenzake walikuwa na matanga, wakalia, wakamaliza. Yeye aliyafungia mlango akayaacha nje.

Na hapa pana jambo ambalo Danieli asingependa mtu alijue. Kufikia mwezi wa nane alikuwa anaisubiri Jumapili kwa hamu. Wiki nzima alikuwa akipanga Yunis atasema nini. Mama anasema usikae na soksi zenye unyevu. Mama anasema huyo mwenzako wa Norwei anayekupikia samaki kila siku, mwambie ajifunze kusonga bada, ugali wetu wa muhogo. Mama anauliza urea imeshafika huko juu au bado. Aliandika hayo akitabasamu peke yake pale jikoni, kigoda kitupu mbele yake, na kwa nusu saa ile mkewe alikuwa amekaa hapo hapo.

Siku moja alicheka kwa sauti. Jirani yake, Mwanaheri, mjane Mwislamu wa nyumba ya pili, mama yake Twaha, alikuwa anaingia na bakuli la makande. Alisimama mlangoni.

"Unacheka na nani, Baba Janeth?"

"Namwandikia mtoto."

Mwanaheri aliweka bakuli juu ya meza, akatazama simu, akatazama kigoda. Alikuwa rafiki wa Yunis tangu wote wawili ni maharusi, na hakuwa na kawaida ya kumung'unya maneno. "Niulize kitu? Unamficha mtoto, au unajificha wewe?"

Danieli aliwaka. Alimwambia mambo hayo ni ya ukoo, yamekwisha kukaliwa na wazee, hayamhusu. Mwanaheri alijifunga kanga yake vizuri, akasema makande yana chumvi kidogo, akaondoka. Danieli aliyala yakiwa baridi, na aibu ilimkaba kuliko makande yenyewe.

Kwa upande wa Janeth, mambo yalikuwa yamebadilika, na baba yake aliona, ila alielewa vibaya. Tangu mwisho wa mwezi wa saba hakuuliza tena sauti ya mama. Danieli alishukuru Mungu, akasema amezoea. Sauti alizotuma zikawa fupi. Alieleza kazi tu: wiki hii puto limepita kwenye baridi ya nyuzi tisini chini ya sifuri, mvuke umebaki chini ya nusu ya ule wa mwezi wa tano, nitrojeni karibu haipo kabisa. Halafu aliuliza maswali madogo madogo. Baba, umekula nini leo? Baba, magoti yanaumaje? Baba, siku hizi nani anamkamua ng'ombe?

"Mama yako," aliandika Danieli.

"Sawa, Baba," alijibu Janeth.

Mwisho wa mwezi wa tisa jua likachomoza kule. Janeth alituma picha: mstari mwekundu kwenye ukingo wa weupe usio na mwisho, na yeye mwenyewe amejifunika koti kubwa, macho tu yanaonekana. Danieli aliitazama sana. Yale macho yalikuwa yamechoka. Akamjibu: Mama amefurahi kuona jua lako.

Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi alitoka misa akakuta ujumbe wa sauti wa dakika saba. Hajawahi kutuma mrefu hivyo. Danieli akaketi jikoni, akabonyeza.

"Shikamoo Baba. Baba, kabla hujaendelea kusikiliza, uko na mtu hapo? Kama uko peke yako, zima kwanza, ukamwite Mama Twaha. Mwambie akae na wewe. Nakuomba sana."

Danieli alizima. Alikaa akitazama mikono yake. Alijua mpangilio ule, nani asiyeujua, alikuwa ameshawafanyia watu wengi. Hajawahi kufikiri ungemjia kutoka kwa binti yake, kutoka mwisho wa dunia. Akainuka akaenda mpaka nyumba ya pili, nyumba ambayo hakuikanyaga tangu siku ya makande, akasimama uani kofia mkononi. "Mama Twaha," alisema, "mtoto amesema uje." Mwanaheri hakuuliza la pili. Alikuja na kanga yake begani, akavuta kiti, akakaa. Kigoda cha Yunis hakukigusa.

"Baba," ilisema sauti ya Janeth, na nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa mashine, "sisi huku hatuoni kitu kikiondoka. Zile chembe zinaanguka juu huko gizani, hakuna anayezisikia. Tunachoona ni namba. Kitu kilikuwepo, leo hakipo, basi tunajua kimeanguka. Ndiyo kazi yangu, Baba. Nalipwa kwa kuona kisichokuwepo."

Zikasikika karatasi zikifunuliwa.

"Mwezi wa saba nilikaa na namba za Mama. Tangu mwezi wa pili mpaka tarehe kumi na sita mwezi wa sita hakuna wiki iliyokosa nusu mstari. Mara tatu, mara nne kwa wiki. Kuanzia tarehe kumi na saba hakuna nusu hata moja. Mvua kubwa zipo, manyunyu hakuna. Nikasema labda kipupwe kimekuwa kikavu. Nikatafuta picha za setilaiti, ukungu umelala juu ya Gare asubuhi baada ya asubuhi. Kwa hiyo manyunyu yalikuwepo. Aliyekosekana ni wa kuyasoma kabla jua halijayakausha. Na Mama hawezi kuchelewa kengele, Baba. Hata angeumwa, angekutoa wewe kitandani uende, na usingethubutu kubisha. Nikajua."

"Yesu wangu," alisema Danieli. Namba. Kitu pekee alichomwambia kweli.

"Sikukuuliza. Nilijua mmekaa, mjomba amesema, mmekubaliana. Nilijua hutaki nilie peke yangu. Basi nikawa nalia kwenye banda la kujazia puto, kwa sababu kule gesi ina kelele. Wenzangu sikuwaambia. Ningewaambia nini? Mtu anapewaje pole ya msiba ambao hajaambiwa? Na kila Jumapili ukiniandikia Mama anasema hivi, Mama anasema vile, nilikuwa namsikia kabisa, Baba, nami sikutaka uache. Ila sasa nimechoka. Zile 'hakuna' zako nimezitoa zote kwenye daftari langu, nimeandika 'haikusomwa', maana hakuna na haikusomwa si kitu kimoja. Niambie, Baba. Kwa mdomo wako, usiandike. Nimewaeleza wenzangu wawili leo asubuhi. Hawajui Kiswahili, lakini wamesema kesho ujumbe wako ukiingia watakaa na mimi, mmoja kila upande. Nitashikwa, Baba. Usiogope."

Ikaisha. Ng'ombe alilia bandani. Danieli alifungua mdomo kusema kitu, na badala ya neno kikatoka kilio, kile cha mwezi wa sita, chote, miezi minne kwa mpigo. Alilia akiwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtoto aliyechapwa. "Amelia peke yake," alisema. "Mama Twaha, hilo tu ndilo nililokuwa nalizuia. Hilo moja tu. Amelia peke yake, na mimi nilikuwa namsimulia mizaha."

"Alikuwa na wewe kwenye hiyo mizaha," alisema Mwanaheri. Na yeye alikuwa anajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Sasa mwambie."

Alijaribu pale pale. Sauti haikutoka. Alibonyeza, akakohoa, akafuta, akabonyeza tena. Mwanaheri alimwambia ayaache maneno yalale, kesho yatakuja yenyewe.

Kesho yake Danieli aliamka kungali na kiza chepesi. Hakuwasha moto. Ng'ombe alimwona anapita akalia kwa hasira, na yeye akampita, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alivaa mabuti akaenda mpaka kwenye nguzo katikati ya kabichi, akasimama pale alipokuwa anasimama Yunis. Ardhi ilikuwa imebonyea kidogo kwa miguu yake. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini, na manyunyu yalikuwa yanamlowesha nyusi, yale yale aliyosema si kitu.

Kengele ya misheni ikaanza kulia. Akachungulia bomba. Akatoa simu, akaishika karibu na mdomo, akabonyeza, na safari hii sauti ilitoka, nzito lakini ya kwake.

"Marahaba, mwanangu. Wamekushika? Ngoja wakushike." Alingoja, ingawa alijua ni kungoja bure, ujumbe ungefika baadaye. Aliacha kengele ilie mpaka ikamaliza. "Mama yako amefariki, Janeth. Tarehe kumi na sita mwezi wa sita, jioni. Presha. Tumemzika hapa nyumbani, upande wa migomba. Asubuhi ile alisoma kipimo. Ilikuwa nusu."

Akavuta pumzi.

"Leo pia ni nusu. Saa kumi na mbili kamili. Nimesoma mimi."